Vita Vinapofika Mlangoni: Gharama ya Vita kwa Binadamu katika Nyimbo za Jadi za Ayalandi

Katika masomo ya fasihi simulizi, nyimbo za vita hufundishwa kwa kawaida kama nyimbo za ushujaa. Mwanafunzi huelezwa kwamba nyimbo hizi huimbwa ili kuwatia askari ari, kumsifu jemadari na kumdunisha adui. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Ziko nyimbo nyingine za vita ambazo haziimbwi na anayekwenda vitani bali na aliyebaki nyumbani. Nyimbo hizo hazijishughulishi na nani alishinda. Zinauliza maswali mengine: aliyerudi amerudi na nini, na asiyerudi amemwachia nani mzigo?

Nyimbo za jadi za Ayalandi zina hazina kubwa ya tungo za namna hiyo. Makala hii inachambua chache kati ya zile zinazojulikana sana. Hoja yetu ni kwamba nyimbo hizi hupima vita kwa kipimo cha nyumbani. Hazihesabu ngome zilizotekwa wala bendera zilizopandishwa. Zinahesabu miguu, macho, miaka ya kungoja na chakula kilichokosekana. Baada ya uchambuzi tutapendekeza namna mwalimu wa Kiswahili hapa Uganda anavyoweza kuzitumia darasani.

Usuli wa nyimbo hizi

Ayalandi ni kisiwa kilichoko magharibi ya Uingereza. Kwa karne kadhaa kisiwa hiki kilikuwa chini ya utawala wa Waingereza, na kuanzia mwaka 1801 kiliunganishwa rasmi na Uingereza katika dola moja. Sehemu kubwa ya kisiwa ilipata serikali yake mwaka 1922. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho wakulima wengi walikuwa wapangaji katika ardhi ya mabwanyenye, na kijana asiye na shamba alikuwa na njia chache za kujipatia riziki. Moja ya njia hizo ilikuwa jeshi.

Takwimu zinaonyesha jambo hilo waziwazi. Mwaka 1830, kati ya kila askari 100 wa jeshi la Uingereza, takriban 42 walikuwa Waayalandi, ilhali wakazi wa Ayalandi walikuwa karibu theluthi moja tu ya watu wa dola nzima. Kwa hiyo, vita ambavyo Uingereza ilipigana Hispania, India au Krimea vilikuwa pia vita vya vijiji vya Ayalandi, ingawa havikuanzishwa huko. Sajini wa kuandikisha askari alikuwa mtu anayejulikana sana minadani na barabarani. Alikuja na mpiga ngoma, sare nyekundu na maneno matamu, na kijana aliyepokea shilingi ya mfalme kutoka mkononi mwake alihesabiwa kuwa ameingia jeshini.

Nyimbo zenyewe zilienea kwa njia mbili. Ya kwanza ni mdomo: mama kwa mwana, mwimbaji kwa msikilizaji. Ya pili ni karatasi za bei ndogo zilizochapwa upande mmoja na kuuzwa sokoni na mitaani. Wataalamu huziita nyimbo za aina hii baladi, yaani nyimbo za masimulizi: zina wahusika, tukio, na aghalabu mazungumzo. Kama ilivyo katika fasihi simulizi yetu, wimbo mmoja huwa na matoleo mengi, na jina la mtunzi mara nyingi husahauliwa.

Bi. McGrath na mwanawe

Tuanze na wimbo uitwao Mrs McGrath, ambao ulichapwa Dublin katika karatasi za nyimbo mwanzoni mwa karne ya 19, karibu na mwaka 1815. Masimulizi yake ni mepesi. Sajini anamshawishi Bi. McGrath amruhusu mwanawe, Ted, awe askari, akimchorea picha ya koti jekundu na kofia ya fahari. Mama anakubali. Anakaa pwani miaka saba akitazama bahari. Hatimaye meli inatia nanga na Ted anashuka, lakini hana miguu. Anatembelea vigongo vya mti.

Hapa ndipo ufundi wa wimbo unapoonekana. Mama halii. Anauliza maswali ambayo mwanzoni yanachekesha: je, mwanawe alikuwa amelewa hata akaisahau miguu yake huko? Au labda imelika kwa kutembea juu ya maji? Ted anajibu kwa ufupi kwamba ilichukuliwa na tufe la mzinga tarehe 5 Mei. Tarehe hiyo inalingana na siku ya mwisho ya mapigano makali ya Fuentes de Oñoro, Hispania, mwaka 1811, ambako kikosi cha Connaught Rangers kutoka magharibi ya Ayalandi kilipigana. Lakini wimbo hautaji mahali hapo wala jina la jemadari. Kwa mama, mambo hayo hayana maana. Alichoshika ni tarehe tu, kama mzazi anavyoshika tarehe ya msiba.

Mwishoni mama anatangaza vita vyake mwenyewe dhidi ya wafalme, kisha anatoa hesabu yake: mwanawe akiwa mzima, kama alivyokuwa, ana thamani kuliko mfalme wa Ufaransa na meli zake zote za vita. Hiyo ni mizani. Upande mmoja umewekwa dola, upande wa pili miguu miwili ya kijana maskini, na mama anasema miguu ni mizito zaidi. Tukumbuke pia kwamba ni yeye mwenyewe aliyekubali kumtoa. Wimbo haumlaumu waziwazi, lakini maswali yake yanaweza kusomwa kama majuto ya mzazi aliyedanganywa na sare.

Mwili unaohesabiwa kiungo kwa kiungo

Wimbo wa pili, Johnny I Hardly Knew Ye, unajulikana zaidi duniani. Katika barabara iendayo mji wa Athy, mwanamke anakutana na mwanamume aliyemkimbia yeye na mtoto wao akaenda jeshini. Amerudi kutoka kisiwa cha Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka. Mwanamke anamkagua: macho hayapo, miguu haipo, mikono haipo. Kila ubeti unachukua kiungo kimoja na kukumbusha kazi yake ya zamani. Macho yalikuwa yakimtazama kwa upole. Miguu ilikuwa ya kuchezea ngoma, kisha ikawa ya kukimbilia bunduki. Sasa kilichobaki ni mtu wa kukalishwa na bakuli la kuombea.

Mbinu hii ya kuhesabu viungo yafaa kuangaliwa kwa makini. Mshairi wa mapenzi naye huhesabu viungo: husifu macho ya mpenzi, shingo, mikono, mwendo. Wasomaji wa ushairi wa Kiswahili wanaifahamu sana desturi hiyo. Wimbo huu umeitwaa desturi ya sifa na kuigeuza. Mwanamke anapita katika mwili wa mpenzi wake kama anayemsifu, lakini kila anapofika anakuta pengo. Wimbo wa mapenzi umekuwa orodha ya hasara.

Aidha, mwanamke huyu si mwema kupita kiasi. Ana hasira. Mwanamume huyu alimwacha na mtoto, na sasa anarudi akiwa mzigo. Anamsikitikia na kumsuta kwa pumzi ile ile, na hata hivyo anafurahi kumwona. Wimbo haufichi ukweli kwamba vita vikimlemaza mwanamume, kazi ya kumlisha na kumwongoza humwangukia mwanamke. Hiyo ni gharama ambayo haiandikwi katika taarifa za jeshi.

Anayekataa, na anayeuza gurudumu lake

Si kila mtu katika nyimbo hizi anakubali kulipa. Katika Arthur McBride, msimulizi na binamu yake Arthur wanatembea ufukweni asubuhi ya Krismasi. Wanakutana na sajini, koplo na kijana mpiga ngoma. Sajini anawaahidi fedha za dhahabu na nguo nzuri. Arthur anamjibu kwa hoja, moja baada ya nyingine: nguo hizo si zako, umeazimwa tu, ukikosa unachapwa viboko, na huko Ufaransa tutapigwa risasi bila hata kuonywa. Sajini anakasirika na kutishia kwa upanga, na vijana wanawapiga kwa fimbo, wanazitupa panga baharini, na ngoma inageuzwa mpira wa kuchezea.

Mkusanyaji mashuhuri wa nyimbo, Patrick Weston Joyce (1827–1914), aliusikia wimbo huu akiwa mtoto katika jimbo la Limerick, karibu na mwaka 1840. Toleo linalojulikana sana leo ni lile alilorekodi Paul Brady pamoja na Andy Irvine mwaka 1976. Kwa mwalimu, umuhimu wake uko katika mjadala. Arthur anazitafsiri ahadi za sajini neno kwa neno mpaka zinabaki uchi. Ni somo zuri la lugha ya ushawishi na namna ya kuipinga.

Kinyume chake ni Siúil a Rúin, wimbo wa mwanamke ambaye mpenzi wake anakwenda Ufaransa. Wengi huuhusisha na wakati wa Mkataba wa Limerick wa mwaka 1691, ambapo takriban askari 14,000 wa Ayalandi walioshindwa waliondoka na kamanda wao Patrick Sarsfield kwenda kumtumikia mfalme wa Ufaransa. Waayalandi waliwaita wanajeshi hao wa uhamishoni Mabata Bukini wa Mwitu. Mwanamke wa wimbo huu anasema atauza vifaa vyake vya kusokotea nyuzi ili amnunulie mpenzi upanga wa chuma. Tafakari biashara hiyo: chombo cha kumpatia mwanamke riziki kinabadilishwa kuwa chombo cha kuulia. Kisha anajiona akiomba mkate mitaani. Vita havijamuua mtu hata mmoja ndani ya wimbo, lakini nyumba tayari imeharibika.

Wimbo huu una jambo jingine la kuwavutia walimu wa lugha. Katika matoleo mengi, beti zake ni za Kiingereza na kiitikio chake ni cha Kiayalandi. Mambo ya hadharani, kama kuuza, kununua na kusafiri, yanaelezwa kwa Kiingereza. Maneno ya kumwombea mpenzi heri yanarudi kwenye lugha ya mama. Wanafunzi wetu wanaochanganya lugha mbili au tatu katika sentensi moja watakubali upesi kwamba mchanganyiko huo si ovyo. Kila lugha imepewa kazi yake.

Vita vya Kwanza vya Dunia: posho, mkate na mguu

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia (1914–1918) Waayalandi zaidi ya 200,000 walitumikia jeshi la Uingereza. Idadi ya waliokufa hutajwa kuanzia 27,000 hadi 49,000, kutegemea nani anahesabiwa kuwa Mwayalandi na kikosi gani kinahesabiwa kuwa cha Ayalandi. Tofauti hiyo ya zaidi ya watu 20,000 inaonyesha kwamba hata kuhesabu wafu ni jambo lenye ubishi.

Katika jiji la Cork wanawake walikuwa na hesabu yao. Wimbo Salonika unatokana na malumbano ya mitaani kati ya wake za askari, waliokuwa wakilipwa posho na serikali wakati waume zao wako vitani, na wale waliowapinga. Kichwa cha wimbo ni mji wa Ugiriki ambako baadhi ya vikosi vya Ayalandi vilipelekwa mwaka 1915. Wimbo ni wa matusi na mizaha: bei ya vyakula, watoto, na nani anakula fedha za nani. Ndani ya mizaha hiyo kuna utabiri kwamba vita vikiisha, askari watazunguka mitaani na kiasi fulani cha mguu, na waliokwepa jeshi watakuwa na miguu yao kamili. Karne moja baada ya Bi. McGrath, hesabu ni ile ile.

Ni vizuri kuongeza tahadhari hapa. Si nyimbo zote za Ayalandi zinazopinga vita. Nyimbo za waasi wa mwaka 1798 na wa Maasi ya Pasaka ya 1916 zinasifu kifo cha anayepigania nchi yake. Mfano ni The Foggy Dew, utungo wa padre Charles O'Neill, unaowaomboleza Waayalandi waliokufa mbali, huko Suvla nchini Uturuki mwaka 1915, kwa kuwa hawakufa Dublin. Katika wimbo huo kifo kina maana kikiwa mahali panapofaa. Katika nyimbo za nyumbani, mguu uliokatika hauna mahali panapofaa. Mwanafunzi anayeweka aina hizi mbili bega kwa bega atajifunza mengi kuliko anayesoma moja tu.

Maana hubadilika na hadhira

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba Johnny I Hardly Knew Ye ni wimbo wa kale kutoka mwanzoni mwa karne ya 19, na kwamba wimbo wa Kimarekani When Johnny Comes Marching Home, ambao unashangilia kurudi kwa askari, uliigwa kutoka kwake. Utafiti wa karibuni umeonyesha vinginevyo. Wimbo wa Kimarekani ulitolewa mwaka 1863 na Patrick Gilmore, kiongozi wa bendi mzaliwa wa Ayalandi. Ule wa Johnny kilema ulichapwa London mwaka 1867 kwa jina la Joseph Geoghegan, mtunzi wa nyimbo za majumba ya burudani. Yaani, ulikuwa wimbo wa kuchekesha watu waliolipa kiingilio. Hata ubeti wa mwisho unaoapa kwamba wana hawatachukuliwa tena uliongezwa katika karne ya 20.

Je, ugunduzi huu unaupunguzia wimbo thamani? La hasha. Unatukumbusha kanuni tunayoifundisha kila mwaka: maana ya utungo simulizi haikai katika maneno peke yake, bali katika utendaji, fanani na hadhira. Kicheko cha mwaka 1867 kikawa kilio baadaye, kwa sababu waimbaji waliofuata walikuwa wameona vilema wa kweli. Mrs McGrath nao ulipitia njia ya ajabu. Kati ya mwaka 1913 na 1916 wanamgambo wa Ayalandi waliuimba katika gwaride zao, wimbo wa mama anayelaani vita ukitumika kupigia hatua. Mwaka 2006, Marekani ikiwa vitani Iraki, Bruce Springsteen aliurekodi, na wasikilizaji wakauelewa upya kama wimbo wa mama.

Mbinu zinazofanya huzuni isemeke

Kwa muhtasari, mbinu nne zinajitokeza mara kwa mara. Kwanza, nafsi inayosema mara nyingi ni mwanamke. Pili, maswali ya balagha huchukua nafasi ya kilio. Tatu, viitikio vingi ni vya sauti zisizo na maana ya kamusi, kama vigelegele au mlio wa ngoma. Sauti hizo humpa msikilizaji nafasi ya kuvuta pumzi kabla ya pigo linalofuata, na pia huukejeli mwendo wa gwaride. Nne, kinaya: muziki unachangamka huku habari ikiwa ya kuumiza. Jamii maskini iliyotawaliwa haikuwa na jukwaa la kuishitaki serikali. Mzaha ulikuwa njia ya kusema jambo bila kukamatwa kwa kulisema.

Darasani kwetu

Walimu wanaweza kuzilinganisha nyimbo hizi na tungo za vita za Kiswahili. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah kuhusu vita vya Wajerumani katika Mrima, na ule wa Abdul Karim bin Jamaliddini kuhusu Maji Maji (1905–1907), husimulia vita kwa mapana: viongozi, miji, mapigano. Mwanafunzi aulizwe: nani anasema katika utungo huu? Ni nini kinachohesabiwa? Nani yumo ndani ya tukio lakini hapewi sauti?

Swali la hesabu lina uzito kwetu pia. Mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam, umepata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa makadirio yanayotumiwa sana, wapagazi wapatao 95,000 wa upande wa Waingereza walikufa katika kampeni ya Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa. Jina lao linatajwa kila siku na wanunuzi wa vitunguu, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba ni jina la watu.

Wanafunzi wanaweza pia kupewa zoezi la kukusanya nyimbo za maombolezo kutoka kwa bibi na mama zao, katika lugha yoyote, kisha kuzieleza kwa Kiswahili. Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Katika madarasa yetu wamo vijana ambao familia zao ziliguswa na vita vya Luwero vya miaka ya 1980 au vita virefu vya kaskazini. Zoezi liwe la hiari, na asilazimishwe mtu kusimama mbele ya wenzake na kueleza msiba wa kwao. Mwalimu anaweza kuanza na Bi. McGrath kwa sababu yuko mbali. Anayetaka kusema ya karibu atasema mwenyewe.

Hitimisho

Nyingi ya nyimbo tulizozijadili ziliimbwa kwa Kiingereza, lugha ile ile ya sajini. Jambo hili latuhusu sisi tunaofundisha Kiswahili Uganda, ambako kwa miaka mingi lugha hii ilisutwa kuwa ni lugha ya askari, ya kuamrisha na kutishia. Waayalandi wanatuonyesha kwamba lugha ya kambi haibaki mali ya kambi. Mama alimjibu sajini kwa lugha yake mwenyewe, na jibu lake limeishi miaka mingi kuliko amri. Mwalimu anayempa mwanafunzi Kiswahili cha kuulizia aliyerudi amerudi na nini, atakuwa amefanya zaidi ya kumwandaa kwa mtihani.